Uji Nilioukataa kwa Mzee Nthiga

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kwa sababu ya uji. Si uji niliokunywa. Ni ule nilioukataa, na kwa kuukataa nikakaribia kuwa mtu mwingine kabisa, mtu ambaye leo hii nisingependa kukaa naye jikoni.

Lakini kabla sijafika kwa uji acha nikwambie kwa nini umenirudia wiki hii, maana ni miaka mingi sijaufikiria. Mjukuu wangu Wawira anatafuta kazi. Amesoma chuo huko Meru, amemaliza, na kazi anayoitafuta inaitwa mchambuzi wa biashara. Niliposikia jina hilo nilimuuliza biashara inachambuliwaje, kwa sababu mimi ninachojua kuchambua ni maharagwe, na hapo nilikuwa nimeweka ungo mapajani, mazuri nikiyaacha na yaliyotobolewa na wadudu nikiyatupia kuku. Akanieleza polepole. Kampuni ikitaka kubadilisha namna inavyofanya kazi, kuna mtu anayetumwa kwenda kwa kila anayehusika kumuuliza anahitaji nini. Kisha mtu huyo anarudi kuwaambia wanaotengeneza mambo ya kompyuta wayatengeneze vipi. Hao wanaohusika wanaitwa wadau. Nikataka kujua mdau ni mtu wa namna gani, kama ni mkubwa wa ofisi au ni nani. Akasema, "Cucu, mdau ni mtu yeyote ambaye hiyo kitu ikibadilika itamgusa."

Cucu ndivyo wajukuu wa huku Embu wanavyotuita sisi nyanya zao. Wengine siku hizi wananiita shosho, naitika tu.

Basi nikaendelea na maharagwe yangu, lakini akili ilikuwa imeshaondoka. Kazi hiyo niliifanya mimi. Nilikuwa na daftari la kurasa chache, penseli moja iliyonolewa kwa wembe, na darasa la tano kichwani. Hakuna aliyeniambia ina jina.

Sasa, Wawira alikuwa ameitwa kwenye mahojiano ya kazi mwezi uliopita, na hawakumchukua. Ameitwa kwingine, Alhamisi hii. Akaniomba nimsikilize akijizoeza, nijifanye mmoja wa wakubwa wa kampuni. Nikakaa wima kwenye kigoda changu kama mkubwa. Akaniambia kuna swali moja halikosi: tueleze juu ya mdau mgumu uliyewahi kufanya kazi naye, na ulimshughulikia vipi. Na jibu analo. Alipokuwa akijifunza kazi kwenye kampuni ya mbolea na mbegu mjini Meru, kulikuwa na mtunza ghala anaitwa Mugambi, mtu wa makamo, aliyekataa katakata kutumia mfumo mpya wa kuandika magunia kwa simu. Wawira akanisimulia Mugambi alivyokuwa akiishika simu kama ameshika chura. Alivyokuwa akijificha nyuma ya magunia akiitwa mafunzoni. Nilicheka mpaka ungo ukayumba. Akasema hata wale wa mahojiano ya kwanza walicheka.

Nilipomaliza kucheka nikamuuliza, kwa kutaka kujua tu, "Na huyo Mugambi alikuwa anataka nini?"

Akasema, "Ah, Cucu. Alikuwa anataka tu kusumbua."

Mwanangu, mkono wangu ulisimama juu ya maharagwe. Nililijua jibu hilo. Nilishawahi kulitoa mimi mwenyewe, kwa maneno hayo hayo, nikiwa na umri wake, nimevaa viatu vya shangazi.

Nilizaliwa huku juu, upande wa Kibugu, karibu na msitu, ambapo asubuhi ukitoka nje unaona pumzi yako. Watu wa chai. Baba alinitoa shuleni darasa la tano kwa sababu kulikuwa na majani ya kuchuma na mikono haikutosha. Sikumlaumu sana, ingawa mwalimu wangu alimlaumu, na siku moja walikaribia kushikana mashati njiani wakitoka kanisani, lakini hiyo ni habari nyingine. Ninachotaka ujue ni kwamba nilijua kuandika vizuri, na wasichana wa ridge yetu, yaani kilima chetu kati ya mabonde mawili, waliojua kuandika walikuwa wachache.

Wakati huo banda la kununulia majani chai la ridge ya pili, jirani na yetu, lilikuwa bondeni, chini kabisa. Mvua za Aprili zikija, lori la kiwanda linakwama kwenye matope, majani yanakaa ndani ya magunia mpaka yanapata joto na kugeuka mekundu, na majani mekundu hayachukuliwi. Kiwanda kikaamua banda lihamishwe, lipelekwe juu barabarani. Palikuwa na mahali pamoja tu pazuri, kona ya shamba la mzee mmoja anaitwa Nthiga. Na karani aliyetumwa kumwomba alirudi akasema Mzee Nthiga amekataa.

Kiwanda kikanipa kazi ya wiki mbili, kwa kuwa nilijua kuandika. Nipite nyumba kwa nyumba upande ule, niulize kila mkulima anaonaje kuhusu banda kuhamishwa, niandike. Baada ya hapo kungekuwa na mahojiano ya kumtafuta karani wa kudumu wa mizani katika banda jipya. Wasichana hawakuwa wanashika mizani siku hizo. Mimi nilikuwa naitaka ile mizani, mwanangu, nikuambie ukweli. Niliota nimesimama kando ya ndoano yake, kalamu sikioni, wanaume wakipanga foleni wakisubiri mimi niseme.

Siku ya kwanza nilifanya ilivyo desturi. Ukiingia boma la mtu huku kwetu huanzi na shida yako. Unakaa, unaletewa kibuyu cha uji, ule wa wimbi uliochachuka, unakunywa, mnaulizana habari za ng'ombe na za mvua, ndipo unaulizwa umeletwa na nini. Nilikunywa uji nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyumba ya nane nilikimbilia kwenye mahindi ya watu, na sitasema zaidi. Jioni nilikuwa nimeandika majina manane tu.

Kwa hiyo siku ya pili nikawa na akili yangu mwenyewe. Uji nikaukataa kila mahali. Nikawa nasimama pale langoni, daftari wazi, nauliza, naandika, naondoka. Wengi walinisamehe, waliona ni msichana na ana haraka. Nilimaliza nyumba nyingi. Nilijiona nimegundua dawa.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Mzee Nthiga. Alikuwa ameketi juu ya gogo akichonga mpini wa jembe, kofia ya manyoya imemshukia machoni. Mkewe, Mama Wanja, alikuwa anatoka jikoni na kibuyu mkononi, anakuja kwangu. Nikapunga mkono kwa mbali nikasema, "Usijisumbue, mama, mimi sikai." Akasimama katikati ya uwanja na kile kibuyu. Akasimama hivyo kidogo, kisha akageuka akarudi nacho.

Nikamuuliza mzee kama bado anakataa kutoa kona. Hakuinua macho. Aligeuza kofia yake, mbele ikaenda nyuma, akasema, "Enda uwaulize wenye haraka wenzako." Akaendelea kuchonga.

Nikaandika kando ya jina lake neno moja, mkaidi. Nikalipigia mstari.

Siku ya mahojiano nilivaa viatu vya shangazi, vikubwa, nimevijaza nyuzi za mgomba mbele ili visinitoke. Walikuwa watu watatu, wamekaa kwenye darasa la shule ya msingi, nyuma ya meza ya mwalimu. Msimamizi wa kiwanda. Mwenyekiti wa wakulima. Na afisa wa chai, Mmeru wa upande wa Nkubu, anaitwa Bwana Kithinji, mtu mwembamba aliyesema polepole mpaka unafikiri amesahau alichotaka kusema. Mimi wakaniketisha kwenye dawati la watoto, magoti yakanifika kidevuni.

Mambo yalikwenda vizuri. Hesabu nilizijua, mwandiko waliusifu. Kisha msimamizi akaniuliza ni mkulima gani alinipa taabu, na nilifanya nini. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ujasiri. Nikawasimulia Mzee Nthiga. Nikaigiza kofia inavyozunguka. Nikaigiza sauti yake. Mwenyekiti alipiga meza kwa kicheko, msimamizi akatoa leso kupangusa macho. Nikaongeza na mambo ambayo hayakutokea, nisikufiche.

Bwana Kithinji hakucheka. Alingoja wenzake wanyamaze, akasema, "Nimemwona mzee. Nimeona hata kofia yake. Alikuwa anataka nini?"

Nikasema, "Alikuwa anataka tu kusumbua."

"Hayo ni maneno yako. Yake ni yapi?"

Nikafungua daftari. Sijui nilitegemea kukuta nini. Kulikuwa na lile neno moja na mstari chini yake. Nikalifunga. Nikasikia mbuzi wa mtu nje akila ua la shule. Unajua, mwanangu, aibu nyingine inakuja na kelele, watu wanakugombeza, nawe unapata la kujibu. Hii ilikuja kimyakimya. Nilikuwa nimekwenda kwa mtu kumuuliza, nikarudi bila jibu, na sikujua kama sina jibu mpaka nilipoulizwa.

Bwana Kithinji akasema, "Leo ni Jumatano. Tutaamua Ijumaa. Ukija na jibu, utatukuta hapa."

Mpaka leo sijui kama alinihurumia au alikuwa anataka tu kujua. Nafikiri alikuwa anataka kujua. Kuna watu wa namna hiyo, hawawezi kulala na swali, na wakati mwingine hao ndio wanaokusaidia kuliko wenye huruma.

Kesho yake asubuhi nikaenda, bila daftari. Nilisimama langoni na sikujua niite vipi, kwa sababu nilishaingia boma hilo vibaya mara moja. Mama Wanja akaniona. Aliingia jikoni akatoka na kibuyu. Na hapo ndipo nilipomwona anatembea. Mguu wa kulia ulikuwa haukunjiki. Kila hatua mwili wote uliinama upande mmoja, na kila alipoinama uji ulimwagika kidogo, tone kwenye vumbi, hatua, tone jingine. Nikakimbia kumpokea katikati ya uwanja. Nyuma yake matone yalikuwa yamejipanga kutoka mlango wa jikoni mpaka miguuni pangu.

Mara ile ya kwanza nilipokuja pia lazima yalikuwepo. Mara mbili, ya kuja na ya kurudi. Sikuyaona kwa sababu nilikuwa natazama daftari.

Nikakaa, nikanywa. Uji ulikuwa mkali, wa siku tatu. Mzee Nthiga akaja akakaa mbali kidogo.

"Leo daftari liko wapi?" akauliza.

"Nimeliacha nyumbani."

"Basi utakumbuka vipi?"

"Nitakumbuka," nikasema. "Nimekuja kuuliza ulimwambia nini karani wa kwanza."

Akanitazama. Nadhani alikuwa anapima kama ni mzaha. Kisha akasema, "Nilimwambia kona ni yao, siku watakayojenga daraja. Nikamwona anaandika. Mimi sijui kusoma, nikafikiri ameandika yote."

Kumbe karani aliandika kwamba amekataa, basi. Akaja mjumbe wa chifu, naye akaambiwa yale yale, akabeba nusu. Akaja mwenyekiti, yule yule aliyepiga meza akicheka maigizo yangu, akabeba nusu. Mimi nilikuwa wa nne. Mzee alikuwa amechoka kusema.

Daraja gani, nikauliza, kwa sababu mimi ni wa ridge nyingine na upande ule nilikuwa nimeufikia kwa njia ya chini. Akainuka. Akanipeleka nyuma ya boma mpaka kwenye kijito. Boma lao liko upande wa bonde, na chai yao iko ng'ambo, inapanda mpaka barabarani kwenye ile kona. Katikati kuna maji yanayotoka msituni, baridi ya kukata, na juu ya maji kulikuwa na gogo. Gogo moja, limeota ukungu.

"Vuka," akaniambia. Nikavuka, nikarudi. Haikuwa ngumu. Akaniletea kikapu kimejaa majani, mkanda wake nikaupitisha kichwani kama tunavyobeba, uzito ukakaa mgongoni. "Vuka sasa."

Hatua mbili. Ya tatu mguu ukateleza, nikajikuta nimekaa juu ya gogo, mguu huku mguu huku, kama mtu amepanda punda. Mzee akaja akanishika mkono, akanitoa taratibu. Mama Wanja alikuwa amesimama ukingoni anatutazama, na wala hakucheka, ingawa ningekuwa mimi ningecheka.

Yeye alikuwa ameanguka hapo mvua za mwaka uliotangulia, akitoka kuchuma, anapeleka majani kwenye banda la bondeni. Mfupa uliungwa na mganga wa mifupa, ukaungana vibaya. Akanisimulia mwenyewe. Na unajua alichonisisitizia? Majani. "Siku hiyo nilikuwa nimechuma vizuri," akasema. "Majani mawili na chipukizi, hakuna hata bua. Nikayaona yanaelea yanaenda."

Ndipo nikaelewa, mwanangu. Banda likiwa bondeni, wa kuvuka gogo na mzigo walikuwa wale wachache wenye chai ng'ambo, kama Mama Wanja. Banda likienda barabarani, wanawake wote wa bondeni wangevuka, kila siku ya kuchuma, Aprili kama Agosti. Mzee hakuwa akiizuia kona yake. Alikuwa amesimama juu ya lile gogo peke yake, anawazuia wanawake wa watu wasipite, na sisi tukamwandika mkaidi.

Nikamuuliza mbona hakupiga kelele kwenye mkutano. Akasema, "Kwenye mkutano wanauliza nani anakubali na nani anakataa. Hawakuuliza kwa nini."

Ijumaa nikarudi kwenye lile dawati. Niliwaambia alichosema mzee, kwa maneno yake, sikuongeza hata moja. Niliwaambia kuhusu gogo na nilivyokaa juu yake. Kisha nikasema jambo ambalo sikuwa nimepanga. Nilisema ugumu ule mwingine ulikuwa wangu, kwa sababu nilikataa uji, na kama ningeukubali ningeuona mguu wa Mama Wanja, na kama ningeuona mguu ningeuliza. Mwenyekiti alitazama dirishani. Bwana Kithinji akacheka, kicheko kifupi kama kukohoa, cha kwanza na cha mwisho nilichomsikia.

Mizani hawakunipa. Walimpa kijana wa kidato cha nne, na alikuwa kijana mzuri, hakuwahi kumpunja mtu. Nililia njiani, nyuzi za mgomba zikitoka kwenye viatu. Nilikuwa nimefika karibu na kanisa nikasikia baiskeli nyuma yangu, ni Bwana Kithinji, anahema. Akaniambia kuna ridge nyingine, kule mbele, wakulima watatu hawataki kusikia habari za lori kubadilishiwa siku, na hakuna anayejua sababu. Akatoa daftari kwenye mkoba, jipya, lina jalada gumu. Akasema, "Uende na tumbo tupu."

Kazi hiyo niliifanya mpaka watoto wangu walipoanza shule. Kiwanda kikitaka kubadilisha jambo, mimi ndiye niliyekuwa natangulia. Jina haikuwa nalo. Watu waliniita msichana wa kuuliza, na baadaye mama wa kuuliza.

Daraja lilijengwa, la mbao na waya, lina mahali pa kushika pande zote mbili. Banda likajengwa konani. Siku ya kulifungua Mama Wanja alivuka wa kwanza, na badala ya kikapu alibeba kibuyu. Akaja nacho mpaka niliposimama, tone, hatua, tone, mbele ya msimamizi na mwenyekiti na kanisa zima, akaninyooshea. Nikanywa wote. Hawakuanza hotuba mpaka nilipomaliza.

Hiyo ndiyo hadithi niliyompa Wawira juu ya ungo wa maharagwe. Nilipomaliza, akachukua simu akatoka nje, nikamsikia akizunguka karibu na zizi. Alikuwa amempigia Mugambi.

Aliporudi alikaa chini. Mugambi alimuuliza kwanza kama amepotea njia, mwaka mzima bila salamu. Kisha akamwambia. Ghala lile lina kuta za mawe, ndani simu haishiki mtandao. Ili aandike gunia moja ilimbidi atoke mpaka getini, aache mlango wa ghala wazi nyuma yake, na gunia likipotea anayeulizwa ni yeye. Aliwaambia waliouleta mfumo. Wakaandika kwamba hapendi mabadiliko. Wawira alikuwa pale wakiandika. Kuhusu kujificha nyuma ya magunia, alisema ni kweli alijificha, mafunzo yenyewe yalikuwa yanachosha.

"Kisha akaniambia nikipata hiyo kazi nisiwe kama wale," Wawira akasema. "Cucu, na mimi nilikuwa mmoja wa wale."

Nikamwambia hayo ndiyo akaseme Alhamisi.

Basi, mwanangu, na wewe unayesoma, labda nawe umeitwa mahali na unajizoeza mbele ya kioo. Wakikuuliza juu ya mtu mgumu, usimlete ukumbini ili achekwe, maana hayupo kujitetea, na anayekusikiliza anajiuliza siku moja utamsimulia yeye vipi. Waambie alikuwa anataka nini. Waambie kwa maneno yake, hata kama ni maneno machache. Kama hujui, usiende kwenye mahojiano hayo kabla hujampigia simu, na kama huwezi kumpata, sema wazi kwamba hukuuliza, na kwamba sasa ungeuliza. Waambie na ule ugumu uliouleta wewe, haraka yako, daftari lako. Kisha waeleze kilichobadilika baada ya wewe kujua. Sikudanganyi kwamba kila mtu ana daraja nyuma ya nyumba. Nimekutana na wawili ambao mpaka wanazikwa sikujua walitaka nini, na mmoja wao nafikiri kweli alipenda tu kusumbua. Lakini sikusema hivyo mpaka nilipokunywa uji wake mara nyingi. Na ukiona mtu amenyamaza, usiandike kwamba amekataa. Muulize alimwambia nani kabla yako.

Sasa nenda. Mungu aliyewatunza wazazi wetu kwenye baridi ya huku juu akutangulie mlangoni mwao. Wakuketishe kwenye kiti cha kimo chako. Ulimi wako uwe mwepesi kwa kweli na mzito kwa dhihaka. Usipopewa mizani, upewe daftari. Na kila boma utakaloingia maisha yako yote, atokee mtu jikoni na kibuyu, nawe uwe na macho ya kumwona anavyotembea.